Usingizi wa Pono

Kompyuta yangu ya mezani ni ya mwaka 2010. Ukiibonyeza kitufe, unaweza kwenda kuoga, ukarudi, ukajipaka mafuta, na bado utaikuta inazungusha vidoti vyake kama mzee anayejaribu kukumbuka jina lako. Ndani yake mlikuwa na diski ya GB 500, ile ya sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kila ikipewa kazi ililalamika: krrr, tik-tik, krrr, kama panya darini. Nyumba nzima ilijua baba yuko kazini kwa kuisikia tu.

Mimi si fundi. Ila nimetazama video nyingi za mafundi, na mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko asiyejua chochote. Nikanunua SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, nayo ya GB 500, nyepesi mpaka nikalitikisa boksi kuhakikisha sijauziwa hewa.

Jumamosi nikailaza kompyuta ubavu, nikafungua kava. Binti yangu wa miaka tisa akashika tochi. Kebo za hizi diski ni mbili, ya data yenye pini 7 na ya umeme yenye pini 15, na zote zina kichwa cha umbo la herufi L, makusudi, ili mtu asiweze kukosea. Nikakosea. Nilisukuma, nikatoa jasho, nikalaumu kiwanda, mpaka mwenye tochi akaichukua mkononi mwangu na kuigeuza. "Hivi, baba." Ikaingia klik.

Mahali pa kuifungia hapakuwepo. Kava la zamani linangoja diski za inchi 3.5, na mgeni wangu alikuwa wa inchi 2.5. Nikambandika kwa selotepu. Msinicheke, SSD haina kitu kinachozunguka ndani, hata ukiining'iniza kama popo itafanya kazi.

Kunakili diski nzima kulichukua saa mbili na nusu: Windows, mafaili, mpaka picha ya ukutani. Kisha nikaingia kwenye BIOS, ile skrini ya buluu ya mipangilio ya kompyuta, isiyojua kama mausi ilishavumbuliwa, nikaipandisha SSD iwe ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia, nikahifadhi, nikazima. Pale ndipo ningewasha nikajionea, nikafunga kava, nikaenda kulala kama watu wengine.

Lakini nikaona vumbi.

Jamani, vumbi lile! Feni ya prosesa ilikuwa imevaa sweta. Nikachukua brashi ya kupakia rangi, nikasugua kwa raha zote, nikiimba, na katika kusugua huko kitu kikaruka, ting, kikagonga bati, kikaviringika mpaka chini ya kabati. Ilikuwa ile betri ya duara kama sarafu, CR2032. Tukalala kifudifudi mimi na binti, tukaivua kwa rula. Nikaipuliza, sijui kwa nini, nikairudisha kitini pake.

Nilipowasha, kompyuta ikapiga piip moja na kuniambia saa yake imepotea, nibonyeze F1. Nikabonyeza. Windows ikaja, tarehe 1 Januari 2010. Kila tovuti niliyofungua ikanifukuza mlangoni, eti muunganisho si salama. Hilo nililijua kutoka kwenye video: vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa kompyuta yangu vyote vilikuwa havijazaliwa. Nikarekebisha tarehe, milango ikafunguka. Nikajiona daktari bingwa.

Na kasi sasa! Nilikuwa nimepima kabla, dakika tatu na sekunde arobaini. Nikapima tena: dakika mbili kasoro. Nikampigia kaka yangu, naye ana kompyuta ya umri huohuo. "Kaka, hii si kompyuta tena, ni risasi." Nikamwagiza anunue yake, nikamwelekeza hatua kwa hatua, na mwishoni, kama fundi mwenye siri zake, nikaongeza: "Ukishamaliza kila kitu, chomoa na ile betri ya duara uipulize kidogo. Inasaidia."

Siku sita nikaishi na risasi yangu. Nikaandika ripoti ya kurasa kumi na nne. Kila mgeni aliyepita sebuleni alionyeshwa jinsi inavyowaka, na wote walikubali kwamba ni kasi kubwa. Watu wana adabu.

Siku ya sita binti akasimama nyuma ya kiti changu.

"Baba, si ulisema hii mpya haina kitu kinachozunguka?"

"Haina."

"Sasa nini kinakoroma?"

"Feni."

Akainama, akaweka sikio kwenye bati kama daktari anayepima mtoto. "Feni haisemi tik-tik."

Nikacheka kile kicheko cha wazazi. Nikamwambia njoo nikufundishe: nitazima, nitachomoa kebo ya hiyo SSD, kisha utaona kompyuta inavyokufa, maana roho yake iko humo. Nikazima. Nikachomoa. Nikawasha, nikaweka mikono kiunoni kusubiri kifo.

Vidoti vikazunguka. Krrr, tik-tik, krrr. Picha ya ukutani ikatokea, na ripoti yangu ikiwa palepale. Mkononi nilikuwa bado nimeishika ile kebo.

Binti hakusema kitu. Alizima tochi tu.

Usiku huo nikasoma nilichopaswa kusoma kabla. Ile betri haikutunza saa peke yake, ilitunza mipangilio yote ya BIOS. Iliporuka chini ya kabati, iliondoka na agizo langu la "SSD kwanza", na kompyuta ikarudia mpangilio wa kiwandani, yaani mzee, ile diski ya zamani, mbele. Windows nayo ilipoona diski mbili zenye saini moja, kama pacha wenye kitambulisho kimoja, ikaizima ya pili isionekane kabisa. Kwa hiyo nilikuwa naona diski moja tu, GB 465, na hata hapo sikushtuka, kwa kuwa GB 500 za kiwandani kwa hesabu ya Windows ndizo hizo 465, iwe mzee au kijana. SSD yangu ililala usingizi wa pono ndani ya selotepu siku sita.

Na muda niliopima? Mara ya kwanza nilihesabu mpaka intaneti ifunguke. Mara ya pili nilihesabu mpaka picha ya ukutani itokee. Nilijiibia mwenyewe, na sikujishuku.

Nikamtoa mzee, nikamweka juu ya kabati, nikawasha SSD peke yake. Sekunde 34. Kimya kabisa, mpaka nikagusa bati kuhakikisha ina uhai. Nikafungua ripoti yangu kusherehekea. Haikuwepo. Siku sita nzima za kazi zimefutika! Nilishaanza kutunga kichwani nitakavyowaambia ofisini, ndipo mke wangu, aliyekuwa anakunja nguo, akauliza bila kuinua macho: "Si uliiandikia kwenye hiyo uliyoiweka juu ya kabati?"

Nikamrudisha mzee. Safari hii ni yeye aliyekuwa amezimwa. Nikaenda kwenye orodha ya diski, nikamwamsha kwa kitufe cha kulia cha mausi, nikachukua ripoti.

Jumapili asubuhi kaka akapiga. Alifuata kila hatua, akasema, hakuruka hata moja.

"Mdogo wangu, kasi ni ya ajabu! Nimewaonyesha majirani wote."

"Na betri ya duara?"

"Niliichomoa, nikaipuliza vizuri sana."

Nikameza mate. "Kaka, hebu sogeza simu karibu na hiyo kompyuta."

Akasogeza.

Krrr, tik-tik.