Simba 891, zizi moja

Mei 2025 jimbo la Gujarat, India, lilitangaza kuwa simba wa Asia wamefika 891, kutoka 674 mwaka 2020. Vigelegele vilikuwa haki yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 walisalia wachache tu katika msitu wa Gir, na kama si ulinzi wa Nawab (mtawala) wa Junagadh, leo tungewasoma vitabuni.

Wanaotaka baadhi ya simba hao wahamishiwe jimbo jingine husemwa vibaya: eti wana wivu, eti wanataka kuinyang'anya Gujarat fahari yake. Wanachosema hasa hakisikilizwi.

Itazame tena hiyo 891. Hao ndio simba wote wa Asia waliobaki porini duniani, wote wamo Saurashtra, eneo moja la Gujarat, na wote ni wazao wa wale wachache, kiasi kwamba damu zao zinakaribiana mno. Kati yao 507 walihesabiwa nje ya Gir: mashambani, kando ya reli, hata ufukweni, kwenye mbwa na mizoga ya ng'ombe. Idadi inapanda, lakini kila anayezaliwa anaingia katika hatari ileile. Kwetu Serengeti, mwaka 1994, virusi vya distempa vinavyotoka kwa mbwa viliua takriban theluthi ya simba. Walirudi, na hata wasingerudi, Ruaha kulikuwa na simba. Virusi hivyo vilibisha hodi Gir Septemba 2018. Zaidi ya simba 20 walikufa ndani ya wiki chache, chanjo ikaagizwa Marekani haraka haraka. Safari ile moto ulizimwa. Ruaha ya Gir iko wapi?

Gujarat, inayokataa kuwatoa, nayo haisemi maneno matupu. Wafugaji wa Kimaldhari hupoteza mifugo na bado hawamwekei simba sumu; uvumilivu wa namna hiyo haupakiwi kwenye lori pamoja na mnyama. Isitoshe, simba wamejihamisha wenyewe hadi hifadhi ya Barda, ambako 17 walihesabiwa 2025. Sawa, ila Barda ni Saurashtra hiyohiyo.

Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamuru simba wapelekwe hifadhi ya Kuno, jimbo la Madhya Pradesh, ndani ya miezi 6. Zaidi ya miaka 10 imepita na hakuna aliyepelekwa. Septemba 2022 Kuno ikapokea duma kutoka Namibia, kisha wengine kutoka Afrika Kusini, kwa shangwe na kamera. Sina ugomvi na duma. Ninaowafikiria ni watu wa vijiji 24, wengi wao Wasaharia, walioondolewa Kuno tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuambiwa kwamba simba wanakuja. Walifungasha, wakaacha mashamba na visima vyao, wakapisha.