Vidato vya Diploma: Je, Ngazi Hii Humfikisha Mtoto wa Lamu Chuo Kikuu?

Katika nyumba moja ya mtaa wa Langoni, mjini Lamu, mama aliketi dakani akihesabu kwa vidole: miaka 3 ya diploma ya umeme Mombasa, kisha miaka 5 ya shahada ya uhandisi, jumla vidole vinane, na mwanawe wa miaka 18 aliyepata C katika mtihani wa kidato cha nne atakuwa amefika miaka 26; afadhali arudie mtihani. Kijana alimjibu kwa swali: "Mama, na nikirudia mtihani nikapata C ile ile?" Hesabu ya mama ina ukweli, na swali la mwana lina ukweli pia.

Katika mtihani huo wa kidato cha nne nchini Kenya, KCSE, wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ au zaidi, gredi inayomfungulia mtu mlango wa chuo kikuu moja kwa moja. Hao ni kama robo tu ya wote. Mwenye C- anaruhusiwa kuanza diploma, na mwenye D anaanzia cheti. Tangu sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo ipitishwe mwaka 2014, vyeti vyote vimepangwa katika ngazi 10, diploma ikiwa ya 6 na shahada ya 7. Kwenye karatasi, basi, kati ya diploma na shahada pana kidato kimoja tu, kwa maana ya asili ya neno hilo, yaani hatua moja ya kupandia.

Wanaoitetea njia hii ya kupitia diploma wana hoja nzito, na kwa Lamu ni nzito zaidi. Mtihani wa majuma machache hauwezi kumpima kwa haki mtoto aliyeanza masomo katika wadi ya Basuba, ambako shule zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya mashambulizi ya al-Shabaab, ukamlinganisha na mwenzake wa shule kubwa ya bweni. Diploma humpa nafasi ya kupimwa upya kwa kazi anayoiweza. Isitoshe, ni riziki kabla ya kuwa daraja. Muuguzi aliyesomea KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya chenye tawi hapa Lamu, husajiliwa na kufanya kazi kwa diploma yake, na akitaka shahada baadaye hukuta masomo yaliyofupishwa kwa ajili ya watu kama yeye. Gharama nazo zilipata kupunguzwa: mwaka 2018 serikali iliposawazisha karo ya vyuo vya kiufundi kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, ilijitwika 30,000 kati ya hizo.

Ugumu uko kwenye milango, wala si kwenye ngazi. Kila chuo kikuu hujiamulia kitakachofanya na masomo uliyokwisha kuyapita: kimoja kitakupokea mwaka wa pili, kingine kitakurudisha mwaka wa kwanza ukasome upya hesabu zile zile ulizofanyia mtihani juzi. Zaidi ya hapo, kuna taaluma zisizosahau. TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, humtaka mwalimu wa sekondari mwenye shahada awe alipata angalau C+ katika masomo mawili anayoyafundisha, na suala la waliopanda kwa diploma kutaka kuingia Chuo cha Sheria cha Kenya limefikishwa mahakamani mara kadhaa. Mtu hudhani ameiacha C yake nyuma, kumbe inamngoja mlangoni akiwa na shahada mkononi. Kwa anayetaka sheria au ualimu wa sekondari, naona afadhali mwaka mmoja wa kurudia mtihani, ingawa hakuna anayeweza kumdhamini kwamba gredi itapanda.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa chenyewe kilipanda ngazi hii: kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, kikawa politekniki mwaka 1972, na mwaka 2013 kikapata hati ya chuo kikuu kamili. Tuliishangilia hatua hiyo, na sikatai kwamba Pwani ilihitaji vyuo vikuu. Lakini politekniki zilipopandishwa hadhi, diploma ilishuka machoni petu, ikawa kama gati ya kungojea chombo, na anayengojea chombo hana haja na gati. Mwanafunzi wa namna hiyo husoma nusunusu, akashindwa kuunga waya sawasawa, na shahada pia asiipate. Kipimo changu ni kimoja: achague diploma ambayo yuko radhi kuila maisha yake yote hata kama shahada haitakuja.

Yule kijana wa Langoni anaupenda umeme; tangu darasa la saba ndiye anayetengeneza feni za majirani. Kwake ningeunga mkono diploma, kwa sharti kwamba kabla ya kupanda mashua kwenda Mokowe na kuliwahi basi la Mombasa, aulize chuo kikuu anachokitazamia, na ajibiwe kwa maandishi, kama wenye diploma hiyo huanzia mwaka wa kwanza au wa pili, na kwa alama zipi. Katika hesabu ya mama tofauti hiyo ni kidole kimoja, ambacho ndani yake mna karo ya mwaka mzima, kodi ya chumba katika mtaa wa Tudor, Mombasa, na nauli ya kurudi nyumbani Idi mbili.