Gari la Viti Viwili Baada ya Kustaafu: Haki ya Mzee au Ubinafsi?

Mwalimu mkuu aliyestaafu akinunua Prado, majirani humpongeza. Akinunua Mazda MX-5, kigari cha spoti chenye viti viwili na paa la kukunja ambacho kwa kawaida ni rahisi kuliko Prado ya umri uleule, watu huulizana kama mzee yuko sawa. Husemwa anaukimbilia ujana, na ujana ni moshi. Lakini hakuna anayeuliza Prado inamfaa nini mtu ambaye safari zake kubwa ni benki, kanisani au msikitini, na shambani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo nadhani lawama, hata zikitajwa kwa jina la fedha, chanzo chake ni vile viti.

Gari kwetu ni la ukoo. Ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane, linalobeba masufuria ya shughuli, linalojaza watu saba kwenda msibani Korogwe. Mwenye viti viwili amejiondoa kwenye zamu hiyo bila kugombana na mtu. Ndugu wanaonung'unika hawana wivu tu. Wanahesabu usafiri uliopungua, na katika ukoo wenye gari moja upungufu huo unauma kweli.

Upande wa pili nao una la kusema. Mtu huyo amekwisha kubeba watu miaka 30. Ada zimelipwa, harusi zimepita, watoto wana maisha yao, na siti za nyuma hazikaliwi na mtu wiki nzima. Viti viwili vinawatosha kabisa mume na mke waliobaki peke yao nyumbani. Ajabu ni kwamba kijana wa miaka 25 akinunua gari hilohilo tunamwona mjanja, ingawa yeye ndiye mwenye familia ya kubeba inayokuja.

Hamu yenyewe haikuanza uzeeni. Waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikulia na Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye boneti ndefu. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo, ushindi wa kwanza kati ya mitano aliyopata. Watoto waliopanda juu ya miti kulisubiri vumbi lile leo wana miaka sitini na kitu. Walichokikosa muda wote huo ni fedha na nafasi.

Je, watakikuta walichokuwa wakikitamani? Inategemea wanatafuta nini. Anayetafuta mwendo atavunjika moyo, maana mwisho mjini ni kilomita 50 kwa saa, na hata Nairobi Expressway, barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, ni kilomita 27 tu zenye kikomo cha 80. Lakini MX-5 haikutengenezwa kwa ajili ya mwendo mkali. Ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na injini ya lita 1.6 na uzito chini kidogo ya tani moja. Raha yake iko kwenye wepesi: usukani unakueleza barabara ilivyo, gia inaingia kwa mkunjo mdogo wa kiganja, na kona ya kilomita 40 kwa saa inakupa msisimko ambao V8 ya tani mbili na nusu haikupi hata ikiwa 120. Panda nalo Lushoto kutoka Mombo asubuhi, paa likiwa wazi, utaelewa kwa nini kufikia mwaka 2016 yalikuwa yametengenezwa milioni moja. Kwa dereva mwenye umri, raha inayopatikana kwa mwendo mdogo ni sifa kubwa, na wanaopinga huisahau.

Kwenye fedha ndipo ninapokuwa mkali. Gari kuukuu la Japani linaonekana rahisi mtandaoni mpaka lifike bandarini. Tanzania hutoza ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini ya kati ya lita 1 na 2, nyongeza ya 30% kwa gari lililopita miaka 10, kisha VAT 18% juu ya vyote hivyo. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8. Baada ya hapo kuna vipuri: fundi wa mtaani analijua kila boliti la Toyota IST, lakini kioo cha nyuma cha paa la kukunja ataagiza, nawe utasubiri. Sasa mstaafu mwenye mkupuo wa kikokotoo, yaani sehemu ya pensheni ambayo Tanzania humlipa mstaafu kwa pamoja anapoondoka kazini, ambao mwaka 2024 ulipandishwa kutoka 33% hadi 40% kwa kundi moja na 35% kwa jingine, akiuzamisha wote humo, hapo niko upande wa ndugu zake. Gari hili hununuliwa kwa ziada, na ziada ni ile inayobaki nyumba ikiwa imeezekwa na bima ya afya imelipwa.

Mwili nao una neno. Macho ya miaka 60 huchelewa kurudi yakimulikwa na taa kali usiku, na gari lililo chini hivyo hukutana na taa za fuso usawa wa uso. Matuta yetu, mengine yamewekwa na wanakijiji wenyewe, hukwangua bampa. Ni kweli Björn Waldegård alishinda Safari ya 1990 akiwa na miaka 46, na mwigizaji Paul Newman alikuwa na miaka 70 timu yake iliposhinda daraja lao katika mbio za magari za saa 24 za Daytona, Marekani, mwaka 1995. Ila hao walikuwa na mazoezi, mafundi, na barabara isiyo na bodaboda anayechomoka kushoto bila taa.

Na mwili hauendi ukirudi ujanani, ndiyo maana wosia wa "subiri kwanza" anaopewa mstaafu siuamini sana. Anayeweza kumudu bila kugusa mkupuo, na nyumbani kuna gari jingine la misiba, akisubiri hadi 75 atakuwa na fedha na goti lisilokubali klachi. Afadhali anunue akiwa na 61, aendeshe mchana, alipe bima kubwa, na funguo za lile gari jingine awape watoto wa kaka yake.