Ulizo la Django Litumwe Mahali Panapoonekana

Katika Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python, mwanaprogramu anaweza kuandika mistari kadhaa ya kuchuja na kupanga rekodi bila hifadhidata kupokea chochote. Kinachojengwa hapo ni maelezo ya ulizo (ombi la data) tu, na SQL yenyewe, yaani amri inayoeleweka na hifadhidata, hutumwa pale matokeo yanapodaiwa: yanapopitiwa katika kitanzi, yanapogeuzwa kuwa orodha, yanapohesabiwa kwa len, au yanapowekwa kwenye sharti la if. Hata kulichapisha ulizo kwenye skrini ili kulichunguza hulituma, likiwa na kikomo cha rekodi 21.

Sina ugomvi na ucheleweshaji huo wakati wa kujenga, kwa kuwa sehemu moja ya programu huweza kulianzisha ulizo, nyingine ikaongeza kichujio, na bado ikatumwa amri moja tu. Ninachokipinga ni desturi ya kuacha utumaji utokee popote, hasa ndani ya templeti, yaani faili la HTML linalojazwa data. Chukua ukurasa unaoorodhesha oda 100 pamoja na jina la mteja wa kila oda. Kitanzi hutuma ulizo moja la oda, kisha kila mteja anapotajwa hutumwa jingine, na jumla yake ni 101, ilhali select_related, njia ya Django ya kupakia rekodi husika mapema, ingeunganisha majedwali hayo mawili kwa ulizo moja. Mtu anayehariri templeti, ambaye mara nyingi kazi yake ni HTML, hana dalili yoyote kwamba nukta kati ya oda na mteja inaiita hifadhidata. Kwa hiyo nashikilia kwamba maulizo yote yakamilishwe kwenye view, yaani msimbo unaoandaa data ya ukurasa, na templeti ikabidhiwe orodha iliyokwisha kusomwa. Kugawa matokeo katika kurasa hakuzuiwi na sharti hilo, maana nako kunaweza kufanywa humohumo.

Lipo pia suala la thamani. Katika Django, saa ya sasa ikiwekwa kwenye kichujio hugandishwa ulizo linapojengwa, ingawa rekodi husomwa baadaye. Ndiyo maana ulizo lililojengwa mara moja programu inapowashwa huendelea kutumia saa ileile ya kuwashwa, hata siku tatu zikipita. LINQ, zana ya maulizo ya lugha ya C#, huenda kinyume: hushika kibadilika chenyewe, hivyo kikipewa thamani mpya kabla ya kitanzi kuanza, ulizo huifuata hiyo mpya. Anayehama kati ya zana hizi mbili ana kila sababu ya kuchanganyikiwa.

Rails 6.1, toleo la mfumo wa tovuti wa lugha ya Ruby lililotoka mwaka 2020, iliongeza strict_loading, ambayo hutoa hitilafu pale rekodi husika inapodaiwa bila kuwa imepakiwa mapema. Ningependa ulinzi wa namna hiyo uwe umewashwa tangu mwanzo kwenye kompyuta ya kila mwanaprogramu, na anayetaka kuuzima aandike mstari wa kuuzima, ili mwenzake anayeukagua msimbo amwulize sababu.