Mnausingizia utambi bure

Mteja wa Kirumba, Mwanza, anataka mshumaa wa glasi unaonukia mpaka kwa jirani. Haya. Mtengenezaji anamwaga mafuta ya manukato hadi asilimia 12 ya nta, kisha moto unadumaa, unazama kwenye nta iliyoyeyuka, unazimika. Lawama? Utambi feki!

Kazi ya utambi ni kunyonya nta iliyoyeyuka na kuipandisha kwenye moto. Manukato yakizidi yanaziba nyuzi, moto unakosa chakula. Weka utambi mnene kidogo, sawa, utapona. Ukizidisha unene, karibu masizi, glasi ya kuunguza vidole, na donge jeusi kama uyoga kwenye ncha. Dawa yake ni kukata utambi ubaki milimita 6 kabla ya kuwasha, jambo ambalo hakuna anayelifanya. Hakuna!

Wateja wengine wanauweka mshumaa dirishani (eti mandhari ya ziwa), upepo unauyumbisha moto, ukuta unapata masizi, halafu usiku wa manane: "Dada, mshumaa wako unatoa moshi." Shusha manukato hadi asilimia 8 hivi, jaribu tambi za unene tofauti kwenye glasi ileile, ndipo uuze. Ila nani ana subira hiyo na oda ya harusi ni Jumamosi?