Sentimita 1 ya Chapati

Jamani, mimi hapa Leicester, Uingereza, nafuga mbwa mhalifu. Anaitwa Chapati. Mwanangu Baraka alimleta akiwa saizi ya kiatu, "namwacha wiki mbili tu, baba," kisha yeye huyoo chuoni, Chapati akabaki kunenepa. Kichwa kama sufuria ya pilau, kifua cha kuli wa bandarini. Lakini roho! Mke wangu akiwasha mashine ya kufyonza vumbi, bwana mkubwa anakimbilia nyuma ya miguu yangu.

Basi mwaka 2023 serikali ikaamua XL Bully, wale mbwa wakubwa wa misuli kama Chapati, nao waingizwe kwenye ile sheria ya mbwa hatari ya 1991, wakae kundi moja na pitbull na Tosa wa Japani. Sasa XL Bully unamjuaje? Tabia haiulizwi, wala mama yake ni nani. Anapimwa begani: dume akifika sentimita 51, na umbo likashabihi, kwisha habari.

Nikachukua futi kamba ya mke wangu ya kushonea. 52. Nikamwambia Chapati, "Hebu legeza magoti." Akanilamba pua. Nikarudia: 52. Sauti ikatoka jikoni, "Baba Baraka, mbwa hapungui kwa kupimwa."

Haya. Kuanzia Desemba 31 hatoki nje bila kamba na mdomo kufungwa. Kufika Februari 1, 2024 ilibidi awe na cheti cha msamaha, yaani ruhusa ya mimi kuendelea kumfuga, pauni 92.40. Hizo peni 40 sijui ni za kalamu! Bado bima, bado chipu chini ya ngozi, bado kuhasiwa. Siku hiyo ya kuhasiwa tulirudi kwenye gari kimya, mimi namkwepa macho.

Na kinachoniuma zaidi ni hicho cheti. Karatasi zangu za kuishi nchi hii nimezisotea miaka 9. Chapati, hata jina lake hawezi kuandika, kapata zake kabla ya Pasaka. Na bima juu.

Jana tumetoka, watu wanatuvukia barabara. Mara kakaja kambwa ka bibi mmoja, hakana kamba, kakanikamata kifundo cha mguu, nyaa! Bibi anatabasamu: "Anacheza tu, mpenzi."

Nikageuka kumtafuta mlinzi wangu. Mdomo umefungwa, yuko nyuma ya miguu yangu, anatetemeka.

Nikakapima kwa macho kale kambwa. Sentimita 20 hivi. Kenyewe hakahitaji cheti.