Miguu inayouma na ushauri wa kupunguza kula

Mama anajinyima mpaka kilo zinashuka. Uso unapungua, kifua kinapungua, gauni linapwaya kiunoni. Miguu iko palepale, mizito, inauma hata mwanawe akimpandia mapajani. Akirudi kliniki anaambiwa: bado, endelea kupunguza kula.

Huo ni mwenendo wa lipedema, ugonjwa wa mafuta ya chini ya ngozi unaowapata karibu wanawake tu. Madaktari Allen na Hines wa Mayo Clinic, Marekani, waliueleza mwaka 1940. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoupa namba yake ilianza kutumika Januari 2022. Hapo katikati kuna miaka 82. Ugonjwa wenyewe hupenda kujitokeza katika balehe, mimba au ukomo wa hedhi. Binti aliyevunja ungo mwaka ule wa 1940 alipita zote tatu, akazeeka, na maumivu yake hayajapata namba. Ninapousikia ule ushauri wa kupunguza kula, huwa namkumbuka yeye.

Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha. Ni macho na mikono. Miguu yote miwili hujaa sawasawa, mafuta yakakomea kifundoni kama yamefungwa bangili, unyayo ukabaki mwembamba. Ukibonyeza panauma, na ngozi huvilia damu kwa kugongwa kidogo. Pwani yetu, mguu mkubwa humpeleka mtu moja kwa moja kwenye matende, lakini matende huvimbisha hata unyayo na mara nyingi mguu mmoja huuzidi mwingine. Daktari akifinya ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, kwenye lipedema peke yake inainuka; kwenye matende yaliyokomaa haishikiki.

Wenye tahadhari nao wana hoja. Wagonjwa wengi wana unene wa kawaida pia, na kilo za ziada huzidisha maumivu, kwa hiyo kumwambia mgonjwa kwamba uzito hauhusiki ni kumdanganya. Kuhusu upasuaji wa kunyonya mafuta, NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilisema mwaka 2022 ufanywe ndani ya utafiti tu, kwa kuwa ushahidi ni mdogo na kwa kuhofia damu kuganda kwenye mishipa, mafuta kuingia kwenye damu na sumu ya dawa ya ganzi. Hofu hizo ni za kweli.

Ila kukosekana kwa ushahidi hakukuanguka kutoka mbinguni. Nani angetafiti maumivu yanayoitwa ulafi? Ujerumani iliagiza utafiti wa kulinganisha wanaopasuliwa na wanaobaki na soksi za kubana na mazoezi. Tangu 2020 bima ya umma ililipia upasuaji kwa waliofikia hatua ya tatu ya ugonjwa, kwa masharti, na Julai 2025, matokeo yalipopatikana, ikaamuliwa ilipie hatua zote, mradi tiba isiyo ya kisu ijaribiwe kwanza. Naona huko ndiko tahadhari ilikofanya kazi yake.

Kwa mgonjwa wa Tanga au Mombasa kisu hicho kiko mbali, na soksi za kubana katika joto la Februari ni adhabu. Kinachowezekana kesho asubuhi ni daktari kumwambia avue viatu, akafinya kile kidole cha pili, kisha akabonyeza paja na kumuuliza kama panauma.